Hadithi Aliyoiacha Hermelinda

Jumamosi ile ilianza vizuri. Jua lilipasua ukungu mapema, kahawa ikaanikwa mbele ya kila nyumba, na Odilia akashuka kufungua maktaba ya kijiji cha Yelatoo, funguo kiunoni, binti yake Yadira akirukaruka mbele yake. Maktaba ile haikuwa ya serikali. Watu waliijenga wenyewe kwa msaragambo. Mabati yalipandishwa kutoka bondeni kwa punda, na vitabu vikaja kidogo kidogo, zawadi za vijana waliovuka mpaka kwenda kuhangaika kaskazini. Jioni wazee walijifunza humo kuandika majina yao, na Jumamosi watoto walisomewa. Aliyeitunza hakulipwa kitu. Odilia alizishika funguo kwa kujitolea, na zamani alikuwa akitembea nazo kwa maringo, zikilia kila hatua.

Siku ile alizibana kiunoni kwa mkono zisilie. Ilikuwa mara ya kwanza maktaba kufunguliwa tangu Hermelinda afe.

Hermelinda ndiye aliyekuwa akiwasomea watoto. Alikuwa mjane wa Laguiva, ng'ambo ya mlima, aliyeolewa Yelatoo na kubaki hata mumewe alipofariki. Sauti yake ilikuwa na kitu. Watoto ambao hata padri hakuweza kuwatuliza, kwake walitulia wakasahau kufunga midomo. Hadithi nyingine alizisoma kitabuni, nyingine alizitunga palepale, na aliziacha njiani mahali patamu ili wiki ijayo warudi mbio.

Kisha, kiangazi kilipokuwa kinaisha, watoto wakaanza kutapika na kuharisha. Wote walikuwa watoto wa maktaba. Chayo, binti wa pekee wa Eufrosina, akafa. Watu hawakutafuta mbali. Mwanamke wa kuja, mjane, hana mtoto, na watoto wa wenzake wanamganda kama nyuki kwenye sega. Amewafunga kwa sauti, wakasema, anawala roho kidogo kidogo. Mkutano wa kijiji ukamwamuru aondoke kabla jua halijazama.

Odilia alikuwepo mkutanoni, benchi la nyuma, akitazama viatu vyake. Yeye alijua.

Alijua kwa sababu ndiye aliyepanda kukagua tangi la maktaba, lile walilonywea maji watoto, na kwa haraka ya kuwahi harusi ya binamu yake akasahau kurudisha mfuniko. Alipokuja kukumbuka na kupanda tena, alikuta tlakuache ndani, yule mnyama mwenye mkia kama wa panya, amevimba, manyoya yanaelea. Alimvuta kwa mkia. Akamzika nyuma ya maktaba, akayamwaga maji, akasugua tangi kwa majivu na chokaa mpaka kucha zikamuuma. Halafu akanyamaza. Atasema kesho, alijiambia. Kesho yake Chayo akafa, na kuanzia hapo neno likawa zito kuliko ulimi.

Hermelinda alipotoka mkutanoni na furushi lake alisimama mbele ya Odilia. Hakumtazama usoni. Alitazama mikono yake, iliyochubuliwa na chokaa.

"Odi," alinong'ona, "hadithi ya watoto sijaimaliza. Nitakuja kuimalizia."

Ukungu ulikuwa umeshashuka. Asubuhi wachoma mkaa walimkuta amekufa chini korongoni. Alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, na kengele haikupigwa.

Sasa Jumamosi hii Odilia aliwaketisha watoto kwenye mikeka, akachukua kitabu na kuanza kuwasomea. Hawakumsikiliza. Walikuwa wakitazama kiti cha Hermelinda, pale dirishani. Akasoma kwa sauti zaidi. Mwishowe alichoka, akatoka nje kunywa kahawa. Kupiga funda moja tu, akasikia kimya ndani, kimya cha watu wanaosikiliza. Kisha watoto wakacheka, wote kwa pamoja, kama watu waliosikia neno moja.

Alichungulia. Kiti kilikuwa kitupu.

Nyumbani, wakila maharage, alimuuliza Yadira kwa sauti ya kawaida, "Mlikuwa mnacheka nini kule?"

"Hadithi ya Shangazi Herme."

"Nani aliwasimulia?"

"Si ni yeye mwenyewe!" Yadira alichovya tortila yake. "Sasa anakoroma koroma kama ana mafua. Kwanza anatema udongo, halafu ndio anasimulia."

Bibi Nikanora, mama mkwe wake Odilia, aliguna kutoka jikoni. "Watoto hawa! Juzi wamesema bata wa Don Kastulo anaongea Kihispania. Mpe chakula alale, mwanangu."

Odilia alicheka kidogo. Kicheko kilimkauka. "Na hadithi yenyewe inahusu nini?"

"Kuna kindi mmoja, amepewa ufunguo wa kisima cha wanyama wote. Anauvaa kiunoni anajishaua, cha, cha, cha. Hapo ndio tulicheka." Yadira alimeza. "Halafu akaalikwa harusi. Kwa haraka akasahau kufunika kisima."

Kijiko cha Odilia kilianguka sakafuni. Hakuinama kukiokota.

Jumamosi iliyofuata alikaa humo humo ndani, akijifanya anapanga vitabu. Hakusikia kitu, lakini watoto walisikia. Waliguna, wakaziba midomo, mdogo mmoja akalia. Njiani kurudi, Yadira alisema kuna mnyama aliyetumbukia kisimani. Aliogelea usiku kucha akikwaruza kuta. Aliita. Kindi alikuwa anacheza ngoma harusini.

"Wiki ijayo," Yadira alisema, "atatuambia kindi alimzika wapi."

Usiku huo Odilia hakulala, na siku zilizofuata chakula kilimshinda. Alipokutana na Eufrosina mtoni alibadili njia. Mama yule alikuwa amekonda, amekuwa mwepesi kama ganda la hindi, na alimwita kwa upole, "Mama Yadira, mbona unanikimbia? Msiba hauambukizi." Odilia alijifanya hakusikia. Alikuwa akiwaza jambo moja tu: Jumamosi.

Jumamosi ilipofika hakufungua. Aliwaambia watoto paa linavuja, warudi makwao.

Hawakurudi. Walizunguka ukuta mmoja mmoja, wakaketi kwenye majani nyuma ya maktaba, duara, mchana kweupe, kuku wakipita katikati yao. Walitazama ukutani. Polepole vichwa vikainama. Sasa walikuwa wanatazama ardhi, mahali pamoja, pale ambapo nyasi zilikuwa zimeota changa.

Odilia alipiga kelele waondoke. Walimtazama kama mtu anayekohoa kanisani.

Jioni Yadira hakula. "Mama," alisema polepole, "kindi ameona mwenzake akifukuzwa. Mwenzake hakufanya kitu. Kwa nini kindi hasemi?"

"Labda anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Odilia alimvuta kifuani ili mtoto asimwone uso. Nywele za Yadira zilinuka moshi na ukungu, harufu ya shali ya Hermelinda.

Wiki iliyofuata alifungua mlango mwenyewe na kuketi mkekani, katikati ya watoto. Nje jua lilikuwa kali. Ndani kulikuwa na baridi ya korongoni. Hakuleta kitabu. Alikunja mikono mapajani akasubiri.

Watoto walinyamaza.

Macho yao yalikuwa dirishani, kwenye kiti. Yakatulia hapo kwa muda. Kisha yakapanda, kama yanamfuata mtu anayesimama. Yakaanza kusogea. Taratibu. Yalipita rafu ya kwanza, yakapita meza, yakafuata ukuta. Hakuna hatua iliyosikika. Ubao wa sakafu ulibonyea. Ukainuka. Ukabonyea mwingine, karibu zaidi.

Macho yote yakasimama juu ya bega lake.

Odilia hakugeuka. Hakuweza. Punje za udongo zilimdondokea shingoni, mbichi, baridi, zikateleza ndani ya blauzi.

Watoto walisikiliza. Wakaendelea kusikiliza. Halafu nyuso zao zikashuka, zikamtazama yeye.

"Mama," Yadira alinong'ona. "Anasema umalizie wewe."

Kesho yake, baada ya misa, Odilia alipiga kengele ya mkutano kwa mkono wake. Watu walikuja wakitafuna machungwa, wakitaniana kwamba labda ameshindwa na funguo. Mwenyekiti Don Kastulo alimwambia aseme haraka, ana ng'ombe anayezaa. Odilia alisimama. Alisema yote. Alisema harusi, mfuniko, mkia, majivu na chokaa. Alisema benchi la nyuma. Watu waliacha kutafuna.

Wanaume walikwenda na jembe nyuma ya maktaba. Hawakuchimba sana. Mifupa ilikuwa pale ambapo watoto walikuwa wamepatazama.

Eufrosina alisogea mpaka akasimama mbele yake. Watu walidhani atampiga. Odilia alitamani ampige.

"Siku ya mazishi ya mwanangu," Eufrosina alisema, "ulikuja jikoni kwangu kusaga mahindi ya wageni."

"Nilikuja."

"Kwa mikono hiyo."

"Kwa mikono hii, dada."

Eufrosina aliitazama kwa muda. "Nami nilikushukuru," alisema. Kisha akauchukua mshipi wa funguo, akajifunga kiunoni mwake, akaondoka.

Adhabu ya mkutano haikuwa nyepesi. Odilia alilala mahabusu ya kijiji, akabeba mawe ya ukuta mpya wa makaburi, ukuta uliojengwa upya ili kaburi la Hermelinda liwe ndani. Kengele ilipigwa siku hiyo, kwa kuchelewa. Waliokuwa wameinua mikono kumfukuza walisimama kwenye mvua, kofia mikononi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Don Kastulo alijaribu kusema maneno machache. Alishindwa, akashika koleo.

Eufrosina ndiye aliyeendeleza maktaba. Aliwasomea watoto kwa shida, akifuata herufi kwa kidole, kwa kuwa kusoma alijifunzia humo humo ukubwani. Watoto walimsahihisha, naye akawaacha wamsahihishe. Kiti kilikuwa kiti tu. Yadira alipoulizwa, alisema hadithi iliisha, hakuna tena. Odilia alipewa kazi ya kusugua tangi kila Jumamosi. Kuingia ndani hakuruhusiwa, na hakuomba.

Mchana mmoja, akiwa amemaliza kusugua, aliketi akaegemea ukuta, jua usoni, sauti ya Eufrosina ikijikwaa ndani, ikimfikia kupitia dirishani. Usingizi ukamwiba. Alipoamka watoto walishaondoka, na ngozi ya kichwa ilikuwa inamvuta. Akapeleka mkono. Nywele zake, alizokuwa amezifunga ovyo kwa kitambaa, zilikuwa zimesukwa msuko mmoja mnene, uliobanwa sawasawa kutoka utosini hadi kiunoni, na ndani yake umepitishwa uzi wa sufu wa kijani.

Alikwenda nyumbani akitembea wima kama aliyebeba mtungi. Bibi Nikanora alimgeuza mgongo kwenye mwanga. Vidole vya kizee vilishuka msukoni, vikasimama.

"Nani kakusuka?"

"Nililala, mama."

Bibi aliupapasa tena. Ujanani alikuwa akipeleka pilipili kuuza ng'ambo ya mlima. "Huu ni msuko wa Laguiva," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kule husukwa hivi watu wa namna mbili. Bibi harusi." Aliinuka kutafuta mkasi. "Na maiti."

Walijaribu kuufungua, fundo likakataa. Bibi aliukata mzima mzima. Odilia hakuutupa wala hakuuchoma, aliutundika kwenye msumari juu ya meko, mahali pakavu kuliko pote nyumbani mwake. Amezeeka sasa, na nywele zake hazijazidi mabega tena. Waliowahi kuushika msuko ule wanasema hata katikati ya kiangazi, moto ukiwaka chini yake, ule uzi wa kijani unalowesha vidole, baridi kama ukungu wa korongoni.