Kibonge Hasikii

Nyumbani kwa fundi wa kuchomelea watu hawaongei. Wanapaza sauti. Fundi anakata vyuma uani tangu asubuhi, na mashine yake inalia kama mbuzi elfu wenye njaa. Mkewe akitaka chumvi, anaiomba kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku moja alimwita mumewe aje kula, wakaja waume wa mitaa mitatu. Nami nilikuwemo, na nilikula.

Mtoto wao ana miaka minne. Mashavu yake ndiyo yaliyompa jina la Kibonge. Anacheka vizuri. Akitaka kitu, ananyoosha kidole. Lakini maneno yake ni machache mno. Unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kikabaki.

Jumatatu moja mwalimu wa chekechea alimsimamisha Mama Kibonge mlangoni. Alimwambia kuwa mtoto hasikii. Akiambiwa akae, anasimama. Akiitwa, hageuki. Asipobadilika mpaka mwisho wa mwezi, nafasi yake atapewa mtoto mwingine. Chekechea ya pili ilikuwa mbali, na ilikuwa imejaa.

Mama Kibonge akaenda kutafuta ushauri. Hapo ndipo alipojitia taabuni. Kila aliyeambiwa "mwanangu hasikii" alikuwa na dawa tayari. Mama mkwe alisema samaki mkunje angali mbichi. Muuza mkaa alisema mtoto atishiwe polisi. Shangazi alisema mtoto amedekezwa, na aliyemdekeza anajulikana. Fundi naye alimchapa mwanawe kofi la mkononi, mara moja tu. Kibonge alilia huku akimtazama kila mtu usoni. Hakujua kosa lake.

Mama akaona bora aende zahanati. Karani wa dirishani alimwuliza shida yake.

"Mwanangu hasikii," alisema mama.

Karani hakuinua kichwa. Aliandika, akampeleka chumba namba saba. Katika chumba namba saba kulikuwa na somo la kulea watoto watundu. Mama alikaa saa mbili akifundishwa namna ya kumlaza mtoto mapema. Kibonge, ambaye hulala mapema kuliko kuku, alisinzia mapajani.

Kesho yake alirudi. Karani alimwuliza kama somo la jana halikumtosha. Siku ya tatu aliambiwa aje wiki ijayo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe.

Njiani alikutana na Mama Daftari. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba kuwaona watoto wadogo, na daftari lake ni nene kama tofali. Alipomwuliza hali, Mama Kibonge alifoka.

"Mwanangu hasikii, na tafadhali usinipe ushauri, mwenzangu. Nimeshiba ushauri mpaka hapa."

"Sikupi. Nakuuliza. Hasikii vipi? Anasikia halafu anakataa, au sauti haimfikii?"

Katika watu wote wale, hakuna aliyemwuliza Mama Kibonge hivyo. Hata yeye hakuwahi kujiuliza.

Wakaenda nyumbani. Mama Daftari alimwomba fundi azime mashine. Kibonge alikuwa sakafuni, anapanga vifuniko vya chupa. Mama Daftari alisimama nyuma yake, akamwita polepole. Kimya. Akamwita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Akagonga sufuria kwa mwiko. Kibonge akageuka, akatabasamu.

"Mnaona?" alisema Mama Daftari. "Humu mnapaza sauti, ndiyo maana hamkugundua. Mwalimu anaongea kwa upole, na upole haumfikii mtoto."

Fundi aliutazama mkono wake. Kisha akauficha mfukoni.

Mama Daftari akawaeleza dalili. Mtoto anachelewa kusema. Hageuki akiitwa kutoka nyuma. Anapata mafua kila mara, au sikio linatoa usaha. Mama mkwe akasema mafuta ya moto kidogo yatazibua. Mama Daftari akamjibu kwa heshima kwamba hapana. Si mafuta, si njiti ya kiberiti. Sikioni hakiingizwi kitu. Mtoto apimwe mapema, kwa sababu asiyesikia maneno hawezi kujifunza kuyasema.

"Na dirishani usiseme hasikii," alimwambia mama. "Sema unaomba apimwe masikio."

Asubuhi mama alisema hivyo. Kwa mara ya kwanza karani aliinua kichwa. Alijibu kwamba kipimo kipo. Kimefungiwa kabatini. Mwenye ufunguo yuko likizo. Atarudi lini? Karani hakujua.

Mama Kibonge alitoka akiwa hana hata nguvu za kufoka, akaenda kwa Mama Daftari.

"Ukienda peke yako, utaambiwa kesho mpaka mtoto aolewe," alisema Mama Daftari. "Kamati ya afya ya zahanati inakaa Alhamisi. Mkazi yeyote ana haki ya kuingia na kusema. Nenda na wenzako."

Mama alipita nyumba kwa nyumba. Alipata wazazi kumi na mmoja, na kila mmoja alisema, "Hata wangu hasikii." Alhamisi waliingia wote. Mwenyekiti alianza kueleza kwamba jambo hili lina hatua zake. Mama Kibonge akasimama. Sauti yake ile ilitikisa madirisha, na vikombe vya chai vikahama mezani.

"Kipimo ni cha watoto wetu, si cha kabati. Mwanangu anafukuzwa shule kwa ugonjwa. Leo tunaondoka na siku ya kupimwa, au tunalala hapa."

Ufunguo wa akiba ulipatikana baada ya dakika nne. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Wakakubaliana upimaji uwe kila Jumanne. Tena kamati ikaiandikia chekechea: asiondolewe mtoto kwa kuwa hasikii kabla ya kupimwa masikio.

Jumanne ya kwanza walipimwa watoto ishirini na watatu. Wanne walikutwa na shida. Kumi na tisa walikuwa wakaidi wa kawaida. Kibonge alikuwa na maji nyuma ya ngoma za masikio, yaliyobaki baada ya mafua ya mara kwa mara. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akapangiwa siku za kurudi. Mwalimu alimweka mbele, na sasa humtazama usoni anapoongea naye. Fundi huzima mashine kwanza, ndipo anaongea na mwanawe.

Miezi sita baadaye mwalimu alimwita tena Mama Kibonge. Mama alifika amekunja uso, tayari kwa vita.

"Ni Kibonge," mwalimu alisema kwa kuchoka. "Anaongea tangu anaingia mpaka anatoka. Jana aliwasimulia wenzake kwamba bibi yake anaficha sukari chini ya kitanda, na baba yake anakoroma kama lori. Sijafundisha kitu."

Mama Kibonge alivuta kiti kidogo cha watoto, akaketi.

"Nieleze yote aliyosema, mwalimu," alisema. "Neno kwa neno."