Samaki Mwenye Magamba

Siku Kahambu alipokutana na Bienfait, ngazi ya umeme ya kituo cha metro cha Porte de Namur ilikuwa imekufa, na mvua ya Brussels ilinyesha vile inavyonyesha siku zote, bila haraka na bila nia ya kuacha. Ilikuwa Jumamosi mchana, watu wakisukumana na mizigo yao. Kahambu alikuwa anatoka kununua chakula Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo ulio hapo jirani. Alivaa buti za njano, koti jeusi la baridi, na kitenge cha zambarau kilichochungulia chini ya koti. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni wenye ndizi, majani ya muhogo ya sombe na samaki mkavu aliyeagizwa na mama yake. Alipofika katikati ya ngazi za kawaida, mfuko ukapasuka.

Ndizi zilikwenda kushoto, sombe kulia, na samaki akateleza mpaka chini, akakomea kwenye magoti ya fundi aliyekuwa amefungua tumbo la ile ngazi iliyokufa. Fundi mwenyewe alikuwa kijana mrefu, kizibao cha rangi ya machungwa, nywele za mawimbi na ngozi nyeupe kidogo kuliko ya Mkongo na nyeusi kidogo kuliko ya Mzungu. Alimwokota samaki kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Haiumake," Kahambu alisema kwa Kiswahili, akidhani hataelewa. "Ilikufa zamani, kule ziwani Vitshumbi."

Fundi akainua kichwa. "Kumbe munasemaka Swahili?"

"Na weye? Nilizani uko Mwarabu."

"Miye ni mutu ya Bukavu."

"Alors mutu ya Bukavu anaogopaka kambale?"

Alicheka, akamsaidia kuokota ndizi, na Kahambu akaona kwamba ana meno mazuri na mikono michafu, vitu viwili alivyovipenda kwa mwanaume.

"Hii escalator itapona lini?" aliuliza, maana sasa hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Mukinipa numéro yenu, itapona saa hii."

Alimpa namba. Ngazi haikupona mpaka Jumatatu, na Kahambu akamtania kwa hilo miezi yote iliyofuata.

Miezi hiyo ilikuwa mitamu. Kahambu alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Ganshoren, na kila mapumziko ya mchana simu ililia mfukoni mwa sare yake.

"Uko wapi, chérie?"

"Niko nasukuma tonton moja muzee, mwenye anasema atanioa."

"Mwambie iko fundi alishatangulia."

"Fundi gani? Ile yenye haiwezi kufufua ngazi?"

"Ngazi nilishindwa. Roho yako nilifufua, ao hapana?"

Alikata simu akiwa anacheka peke yake, na wazee wakamuuliza kuna nini. Kahambu alikuwa amependa, basi. Alipenda namna Bienfait alivyomfungia kola ya koti kabla ya kutoka nje, na namna alivyomsikiliza anapozungumza habari za Butembo. Kitu kimoja tu hakukifuatilia. Kila Jumanne Bienfait alikuwa na masomo ya jioni. Kahambu alidhani ni masomo ya lifti, na Bienfait hakumsahihisha.

Mwezi wa tano, maua yalipojaa kwenye bustani ndogo za Ganshoren, Maman Pétronille, mama yake Kahambu, alitoa amri kwamba huyo kijana aletwe aonekane. Sasa, kwa Maman Pétronille mambo yalikuwa na utaratibu wake. Mwanaume anayemtaka binti wa nyumba hiyo huwekewa mezani kambale, na kichwa cha samaki ni chake. Marehemu mume wake alikula kichwa hicho kwa baba mkwe. Wakwe wengine wa ukoo walikila. Kukila ni kusema ndiyo, na nyumba nzima huwa imesikia.

Bienfait alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, koti la buluu na maua. Maman Pétronille, kilemba cha kijani kichwani, aliyapokea maua kwa tabasamu, kisha akaweka sahani mbele ya mgeni. Kichwa cha kambale, na sharubu zake zote, kikamtazama kutoka kwenye mchuzi wa mawese.

Bienfait akauweka uma chini.

"Maman, munisamehe. Kwetu hatukulaka hii."

"Kwenu wapi? Si ni Bukavu? Bukavu banakulaka."

"Kwetu kwa babu. Baba ya mama yangu alikuwa Muyahudi, mucuruzi ya vitenge. Alitokaka kisiwa ya Rhodes. Kwa dini yao, samaki yenye haina magamba haikuingiaka kwa nyumba yake. Alikufa mama akiwa mutoto, lakini bibi hakuileta tena, na mama hakuileta. Hata miye sikujuaka sababu mpaka nilikuwa mukubwa."

"Babu alishakufa, mutoto yangu. Weye uko hapa. Kula."

"Siwezi, maman. Na sasa zaidi, juu..." Bienfait alimtazama Kahambu, akaona amekwisha kuanza na hawezi kurudi. "Mwezi wa tisa niko nahamia Israeli. Balinikubali wiki hii, juu ya babu: mujukuu ya Muyahudi banamupokea. Ile cours ya Jumanne ni ya Kiebrania."

Kahambu akaisukuma sahani yake pembeni. Alikuwa amevaa gauni jipya la rangi ya waridi, nywele kasuka jana yake, yote kwa ajili ya siku hii.

"Unahamia na nani?" aliuliza polepole.

"Nilitaka kukuambia tukiwa babili."

"Nilikuuliza, na nani?"

Bienfait akaushika tena uma, akaulaza upande wa pili wa sahani. Maman Pétronille aliinuka, akaichukua ile sahani na kuirudisha jikoni. "Bon," alisema kutoka huko. "Amekataa samaki yangu na mutoto yangu kwa mara moja. Mumupe koti yake."

Baada ya hapo simu ililia mfukoni mwa sare mpaka ikachoka. Kahambu hakupokea. Kilichomuuma si ule uhamaji peke yake. Yeye alishakuwa mgeni mara mbili maishani. Akiwa mtoto, kule Butembo, walikimbia risasi na nguo za mwilini. Baadaye, wakitoka kambini Uganda kuja Ulaya, watu wa shirika la wakimbizi waliwapakia vitu vyao kwenye mifuko ya plastiki yenye nembo, bila kuwauliza wanataka kubeba nini. Sasa alikuwa anawajua majirani wa Ganshoren kwa majina na mbwa wao pia. Mwanaume anayempenda alipotaka kuanza upya kwingine, kwake ilikuwa kama anamwambia arudi kambini. Na bado alimtamani kila mchana.

Mtu aliyemfungua kinywa alikuwa Nuru, rafiki yake wa kazini, Mrundi wa Bujumbura aliyefunga ushungi wake wa Kiislamu hata juu ya sare. Walikuwa wanakunywa chai kwenye chumba cha wafanyakazi.

"Nikuulize, shoga," Nuru alisema. "Miye nakuja kwenu miaka yote. Maman alishanikasirikia sababu silake nguruwe?"

"Weye ulisema siku ya kwanza."

"Njo vile. Kosa yake ni kunyamaza. Tumbo yake haina kosa."

"Na ile inchi?"

Nuru alikoroga chai yake. "Juu ya ile inchi niko na maneno yangu mingi, na nitamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso. Lakini hayo ni yangu. Yako ni hii: unamutaka ao humutaki?"

"Namutaka," Kahambu alisema, na macho yakamjaa machozi kabla hajamaliza neno. "Namutaka mpaka nachoka."

"Basi mupigie. Chai itapoa."

Alimpigia, wakakutana Porte de Namur, juu ya ile ngazi ya umeme, ambayo siku hiyo ilikuwa inapanda bila shida yoyote. Bienfait alikuwa amekonda. Kahambu alivaa buti zake za njano ingawa jua liliwaka, na yeye mwenyewe alijua sababu. Wakatembea kwa miguu kushuka Chaussée d'Ixelles, katikati ya watu na madirisha ya maduka, bila kushikana mikono kwanza.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa. Nilisema, wakinikatalia, hakuna haja ya kukuumiza bure. Halafu wakanikubali, na sikuwa na mudomo tena."

"Na kule unatafuta nini, Bienfait? Hapa uko na kazi. Uko na miye."

Alisimama mbele ya duka la viatu. "Bukavu balikuwa bananiita Muzungu. Hapa bananiita Mukongo. Nilizoea. Lakini babu alikuwa na dada na kaka kule kisiwani. Wakati ya vita ya Hitler, balibabeba bote, na hawakurudi. Alibakia mutoto moja ya kaka yake. Sasa ni mama muzee, iko Haifa, kule Israeli. Nilimuona kwa video. Aliniangalia paji ya uso, akalia. Alisema, hii ni paji ya baba yangu. Mutu hakuwahi kuniangalia na kusema niko wake."

Kahambu alilitazama lile paji la uso, alilolibusu mara nyingi bila kujua ni la nani.

"Sitakwenda kama hautaki," Bienfait aliongeza. "Nitabakia. Kweli nakuambia."

"Utabakia, halafu kila Jumanne nitakuwa naona uso yako namna hii? Hapana." Akamshika mkono. "Lakini miye naogopa, chéri. Kule pia batu banapigana. Na kuwa mugeni, mara ya tatu, sijui kama nitaweza."

"Sijui pia," alisema Bienfait, na Kahambu akampenda zaidi kwa kutomdanganya.

Jioni alimweleza mama yake yote, habari za kisiwa, za mama mzee wa Haifa na za paji la uso. Alitegemea maneno makali. Maman Pétronille aliendelea kumenya viazi, na kisu chake kikaenda polepole zaidi na zaidi.

"Yule babu, alimuona?"

"Hapana, mama. Alikufa mbele hajazaliwa."

"Na anashika adabu ya meza yake mpaka leo." Maman Pétronille akaweka kisu chini. "Mutu mwenye anashika adabu ya babu mwenye hajamuona, atakushika na weye hata usipokuwa mbele ya macho yake. Mwambie akuje Dimanche. Nitamupikia samaki ya magamba."

Jumapili ilipofika, tilapia mzima wa kukaanga alikuwa mezani, mnono na mwekundu kwa pilipili. Kahambu alipomtazama vizuri alitaka kuficha uso. Mama yake alikuwa amemkaanga na magamba yake yote. Hakuacha hata moja. Alikuwa amesikia kwamba mkwe anataka samaki mwenye magamba, basi akahakikisha mkwe atayaona kwa macho yake.

"Maman..." Kahambu alianza.

Bienfait alimgusa goti chini ya meza. Akakivuta kichwa cha samaki kwenye sahani yake, akala. Alitafuna bila haraka, na magamba yakasikika yakivunjika menoni mpaka upande wa pili wa meza. Hakutema hata moja. Maman Pétronille alimwangalia mdomo kwa makini kama daktari.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, maman. Magamba iko yote."

"Njo vile. Miye nafanyaka kitu kabisa."

Gamba moja lilikuwa limenasa pembeni ya mdomo wake. Kahambu alinyoosha kidole akalitoa. Hapo, gamba likiwa kidoleni, alijua kwamba hofu yake haijaondoka na wala haitaondoka, na kwamba ataondoka nayo. Alilala na hofu kambini peke yake. Kulala nayo na huyu ilikuwa habari nyingine.

"Kahambu," Bienfait alisema, akinywa maji kwa wingi. "Tuoane hapa kwa commune, kwa serikali, mbele ya kwenda. Banakupokea na weye kama bibi yangu. Unasema nini?"

"Mama atabakia na nani?"

"Miye?" Maman Pétronille alidakia. "Niko na kanisa, niko na majirani, niko na Nuru mwenye ananimalizia chai. Na avion iko, nitapanda nikuje kuwaona. Jibu mutu."

"Nakubali," Kahambu alisema. "Lakini iko sharti moja. Butembo nilitoka na mikono tupu. Ouganda balinipakia kwa mufuko yao. Mara hii, valise yangu nitafunga miye mwenyewe. Asiguse mutu, hata weye."

"Sitagusa."

"Hata ikiwa muzito."

"Hata ikiwa muzito, mon cœur."

Jumamosi iliyofuata walirudi Chaussée d'Ixelles. Kahambu alichagua kwa muda mrefu, akifungua na kufunga zipu, akipiga magurudumu kwa ncha ya buti, mpaka muuzaji akakaa chini. Mwisho alichukua sanduku la njano. Bienfait alinyoosha mkono kwa mazoea, kisha akakumbuka ahadi na kuuingiza mfukoni.

Wakashuka barabara kuelekea metro, yeye akitembea pembeni, Kahambu mbele kidogo akilivuta sanduku lake tupu juu ya mawe, likipiga kelele nyingi sana, na watu wakageuka kumtazama. Aliwaacha watazame. Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga kitakachoingia kwanza.