Chiku na Mzuka Mwenye Meno Arobaini

Sogeeni, watoto. Fungueni masikio, fungeni midomo. Haya, twende.

Palikuwa na kalunguyeye mdogo, jina lake Chiku. Alikaa kwenye ua mmoja wenye kuku wengi, mkokoteni mmoja na ghala la mahindi.

Chiku alilala mle ghalani. Kitanda chake kilikuwa kapu kuukuu nyuma ya mlango.

Chiku alikuwa na kazi. Alipaka rangi vitabu vya katuni. Kila Jumatatu kilitoka kitabu kipya, nacho kiliitwa *Mashujaa wa Uani*.

Mashujaa walikuwa watatu. Bwana Gulugulu, bata mzinga, ndiye mkubwa wao. Bingwa alikuwa mbwa mwenye sauti nene. Na Bi Shombo alikuwa paka, mwenye kunukia dagaa.

Kitabuni, mashujaa walimpiga Mzuka. Jumatatu hii walimpiga kwa mwiko. Jumatatu ile walimpiga kwa ndala. Pa! Pu! Pa! Mzuka akalia, "Nimekoma!"

"Mpake rangi nyekundu," Bwana Gulugulu alimwagiza Chiku. "Mwongezee na meno."

"Mangapi?" Chiku aliuliza.

"Arobaini!"

Chiku akapaka nyekundu. Akaongeza meno arobaini. Hakuuliza zaidi.

Je, mashujaa walikuwa wamewahi kumwona Mzuka? Thubutu! Hata kivuli chake hawakukijua. Lakini walitembea kifua mbele, wakiimba:

"Gulu, gulu, gulu!
Sisi hatuogopi kitu!"

Basi, Jumatano moja alasiri, mawingu yakawa meusi. Mvua ilikuwa njiani. Chiku akarudi ghalani kwenye kapu lake.

Lo! Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na sauti. Hiii... hiii... Kwaru, kwaru...

"Mzuka!" Chiku alisema. "Mzuka yumo ndani!"

Viringi! Chiku akajikunja, akawa mpira wa miiba.

Akangoja. Akajikunjua. Akakimbia, tipu, tipu, tipu, mpaka kwenye mkokoteni. Mashujaa walikuwa hapo wakinywa uji.

"Mzuka yuko ghalani!" Chiku alisema. "Nisaidieni, tafadhali. Mvua ikinyesha, nitalala wapi?"

Uji ukampalia Bwana Gulugulu. Kho! Kho! Kho!

"Mzuka wa kweli?" aliuliza.

"Wa kweli."

"Aa. Basi tufanye kikao."

Wakafanya kikao. Kikao kikachagua kamati. Kamati ikachagua mwenyekiti. Mwenyekiti akawa Bwana Gulugulu, maana yeye ndiye aliyehesabu kura.

Halafu wakachora jalada la kitabu cha ushindi. Hawakuwa wameshinda bado, lakini jalada lilikuwa tayari.

To! Tone la mvua likamdondokea Chiku puani.

"Sasa tunakwenda?" aliuliza.

"Ningekwenda," alisema Bingwa, "lakini mguu unaniuma."

"Upi?"

"Bado nachagua."

"Ningekwenda," alisema Bi Shombo, "lakini nimetoka kuoga. Na ghalani kuna vumbi, mwanangu."

"Ningekwenda, tena mbele kabisa," alisema Bwana Gulugulu. "Lakini mwenyekiti haendi. Mwenyekiti hutuma. Chiku, umeteuliwa! Hongera sana!"

Wakampigia makofi. Pa, pa, pa! Wakaimba:

"Gulu, gulu, gulu!
Sisi hatuogopi kitu!"

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Na wahenga hao hata hawakumfahamu Bwana Gulugulu.

Chiku akaenda peke yake. Aliogopa. Aliogopa sana. Lakini hakuwa na kitanda kingine.

Akafika mlangoni. Kitabuni, mashujaa huvunja mlango kwa teke. Gubu! Chiku akautazama mguu wake. Ulikuwa mfupi kama kijiti cha kiberiti.

Tena mama yake alimfundisha vizuri. Mlango ukiwa na mtu ndani haupigwi teke. Unapigwa hodi.

"Hodi!" Chiku alisema.

Kimya.

"Hodi!"

Kwaru... Kisha kimya.

Ikabaki hodi ya tatu. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka. Ndivyo adabu ilivyo. Na Chiku hakuwa na pa kurudi.

"Hodi, jamani," alisema, na sauti ikatetemeka.

Ndani, mtu akapenga kamasi. Fiii!

"Ka... karibu," ilisema sauti ndogo.

Mlango ukafunguka. Kriii!

Viringi! Chiku akajikunja, akawa mpira wa miiba. Akachungulia kwa jicho moja.

Mzuka alikuwa juu ya gunia la mahindi. Alikuwa mdogo. Alikuwa mweupe kama mvuke wa chai. Naye alikuwa akilia, hiii, hiii. Mapajani alishika kitabu cha katuni, akifungua kurasa. Kwaru, kwaru.

"Shikamoo, Mzuka," alisema Chiku.

"Marahaba, mwanangu," Mzuka alijibu, akafuta machozi. "Nina miaka mia tatu. Wewe ni wa kwanza kunipigia hodi."

Kisha akaachama. "Hebu hesabu meno yangu."

Chiku akahesabu. Moja. Mbili. Basi, yakaisha.

"Hayo arobaini yako wapi?" Mzuka aliuliza. "Na huu wekundu, nani kanipaka?"

Chiku angeweza kusema, "Bwana Gulugulu." Moyo ulimdunda. Du, du, du.

"Ni mimi," alisema. "Niliambiwa nipake, nikapaka. Sikukujua. Nisamehe."

Aliona aibu. Aliona aibu mpaka kwenye ncha za miiba.

Mzuka akakifunga kitabu. "Kila Jumatatu nahama," alisema. "Naogopa mwiko. Naogopa na ndala. Leo nimejifungia humu, maana sina tena pa kwenda."

"Hata mimi sina pa kwenda," alisema Chiku.

Shaaa! Mvua ikamwagika nje.

"Basi tukae wote," alisema Mzuka. "Nimekusamehe."

Chiku akachukua chaki nyeupe. Akachora Mzuka mdogo, mwenye meno mawili. Mzuka akaitazama picha. Akacheka hadi gunia likatikisika.

Lakini huko nje, mashujaa walikuwa wamelowa chapachapa. Walijibanza chini ya mkokoteni, nao ulivuja. Wakakumbuka kwamba ghala lina paa zuri, wakamsahau Mzuka. Wakaja mbio.

Gubu! Wakaingia kwa teke.

Mzuka akasimama. Akasema taratibu, "Hamkupiga hodi."

Loo! Bwana Gulugulu akaruka mpaka juu ya paa. Bi Shombo akaukwea mpapai, mvua ikamwogesha mara ya pili. Na Bingwa alikimbia kwa miguu yote minne. Hakuna hata mmoja uliouma.

Hakuna aliyeimba.

Jumatatu ikafika, kitabu kipya kikatoka. Safari hii Chiku alikichora mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alichora mlango, hodi tatu na meno mawili. Kuku walikisoma, wakacheka, wakataga mayai kabla ya wakati.

Bwana Gulugulu alikuja amenuna. "Kitabu kibaya hiki!" alisema. "Mbona mimi simo?"

"Umo, Mwenyekiti," Chiku alimjibu. "Ukurasa wa tano, juu ya paa."

Bwana Gulugulu akafungua ukurasa wa tano. Akaangalia kwa muda mrefu. "Mkia umeuchora vizuri," alisema. Akaondoka na nakala tatu.

Jioni ile Chiku akaingia kwenye kapu lake. Mzuka akashuka kutoka kwenye gunia.

"Naweza kukukumbatia?" aliuliza.

Chiku akainamisha kichwa. "Watu hawanikumbatii. Nina miiba. Wanachomwa."

"Mimi sina ngozi," alisema Mzuka. "Utanichoma wapi?"

Akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, miiba na yote. Na hakuna aliyesema, "Aii!"

Chiku akafumba macho. Hakuwa amewahi kulala vizuri hivyo.

Nasi tulale, watoto. Taa naizima.