Malkia wa Sebule ya Watu

Jumamosi ile duka la samani lilifurika watu kama vile makochi yanagawiwa bure. Wachache walikuja kununua, wengi walikuja kukalia. Miongoni mwa wakaliaji alikuwepo dada mmoja mwenye gauni la njano lililomkaa kiunoni kama limeshonewa hapo hapo. Simu yake ilikuwa juu ya kijiti cha miguu mitatu. Alikuwa ametafuta kona yenye kochi la kijivu na pazia zito, akaegemea kabati la vyombo na kuitabasamia simu.

"Wapendwa wangu, karibuni tena sebuleni kwangu."

"Dada," sauti ya kiume ikasema taratibu nyuma yake, "samahani kukukatisha. Hilo kabati nimelipaka polishi sasa hivi."

Akaruka. Ubavuni mwa gauni palikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja.

"Mama yangu. Na gauni lenyewe la jirani."

Kaka mwenyewe alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini. Akamtazama dada, akalitazama kochi, akamrudia dada.

"Sebule yako, gauni la jirani?"

Dada alitamani sakafu ifunguke aingie na visigino vyake. Lakini kaka hakumcheka kwa ubaya. Alikwenda akarudi na tapentaini na kitambaa safi. "Simama wima," alimwambia, "usitikisike." Akalisugua doa kwa ncha ya kitambaa, mkono ameunyoosha mbali naye asije akamwongezea jingine, maana mikono yake ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo, rangi ya kazi isiyosikia sabuni. Doa likaondoka. Dada hakuondoka.

"Kwani unafanya nini humu?" kaka akauliza.

"Natengeneza video. Nafundisha watu kupanga nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Kaka, usiniulize maswali magumu na gauni limelowa."

Ndivyo walivyoanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya vinane vilivyopangana, bafu la wote, ukuta wa rangi mbili kwa sababu mwenye nyumba aliishiwa rangi ya kwanza katikati ya kazi. Humo mlikuwa na kitanda, ndoo mbili na kamba ya nguo. Jicho la kupanga vitu alikuwa nalo, hilo hakuna wa kumnyang'anya, hata ndoo zake zilikuwa zimekaa kwa adabu. Lakini alikwisha kujiambia kwamba hakuna mtu atakayekubali kufundishwa sebule na mwenye ndoo. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi mia nne, nusu yao mabinamu.

Fundi wa polishi akamwombea ruhusa ya kurekodi kwa tajiri wa duka. Tajiri akakubali: kila asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa mbili na nusu, kabla wateja hawajaingia. Vyumba vya maonyesho vilikuwa vimepangwa kama nyumba kamili, sebule, chumba cha kulia, chumba cha kulala, ila dari tu ndiyo hakuna. Dada alipanga mito na kuongea na simu. Fundi alitangulia mbele yake, akigeuza vibandiko vya bei vitazame ukutani.

Dada alimbatiza fundi jina la Msasa. Kila alipomaliza kusugua mbao, Msasa alifumba macho na kupitisha kiganja, akitafuta palipokwaruza.

"Si utazame tu?"

"Macho yakiona inang'aa yanaridhika. Kiganja changu ni mbishi."

Yeye naye akabatizwa Malkia, kwa kejeli kwanza, baadaye kwa mapenzi. Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utalala njaa, baba. Nina mafua."

Miezi sita, wafuasi wakawa elfu arobaini. Wakamwita Malkia wa Sebule, bila kujua jina lilitoka kwa nani. Mama yake Msasa, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alinunua simu kubwa ili amwone vizuri. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana, lakini mama alipiga kila wiki.

"Mkwe, jana nimekuona. Shuka umelitandika vizuri. Ila pindo la lile pazia limeshonwa na mlevi."

Siku moja Msasa alimletea kigoda. Alikuwa amekiunga kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana, akakisugua wiki tatu, ukikigusa unadhani ni shavu la mtoto.

"Hiki ni chako kweli kweli," alisema. "Hakina bei ya kugeuza."

Malkia alimbusu shavuni, akakipeleka nyumbani, akakisukuma chini ya kitanda. Watu wangesemaje wakimwona Malkia wa Sebule amekaa kwenye kigoda?

Asubuhi wafuasi walipogonga elfu hamsini, aliamua kuwasalimia laivu. Kila siku alikuwa akirekodi na kukatakata baadaye, na kila siku saa mbili kamili Msasa alimletea chai. Akija, Malkia anasitisha kurekodi, wanakunywa, wanaendelea. Siku hiyo kwa furaha alisahau kumwambia kwamba laivu haina mkasi.

Watu elfu tatu walikuwa wanatazama. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zambarau, safari hii lake mwenyewe, akieleza jinsi alivyoichagua rangi ya kochi "hapa kwangu". Msasa akaingia na trei, ovaroli yake, mikono yake.

"Chai, Malkia wangu, kabla haijapoa."

Maoni yakaanza kumiminika kwenye kioo. *Huyo nani? Malkia, tutambulishe.*

Hakuna aliyemsukuma. Mdomo wake mwenyewe ulifunguka ukasema, "Aa, huyu ni kijana wangu wa kazi za ndani. Ana utani sana."

Msasa alisimama. Kikombe kikagonga kisahani mara moja, kikatulia. Angeweza kusema neno moja tu na sebule nzima ingeanguka. Akainamisha kichwa.

"Samahani, bosi. Niiweke wapi?"

"Hapo mezani."

Akaiweka, akapangusa meza kwa kitambaa chake. Maoni mengine yakapita: *Mwambie akanawe hiyo mikono kwanza, chai itageuka rangi.*

Malkia akacheka. Si kucheka tu, aliyasoma kwa sauti. "Jamani, wanasema ukanawe mikono."

"Sawa, bosi," Msasa akasema. "Nakwenda kunawa."

Hakurudi. Malkia alimaliza laivu huku mashavu yakimuuma kwa kutabasamu, akaikunja miguu ya kijiti. Chai ilikuwa imeshika utando juu. Alipoionja, ilikuwa na sukari moja na nusu, kama anavyopenda. Vibandiko vya bei siku hiyo alivigeuza peke yake, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa kama kinamtazama usoni.

Alipiga simu siku mbili bila kupokelewa. Ya tatu ikapokelewa.

"Msasa wangu."

"Nipo."

"Nilibabaika. Walikuwa elfu tatu wananitazama."

"Najua. Na mama alikuwemo. Aliwaita majirani zake wawili waje kumwona mkwe."

Malkia alikaa kitandani taratibu, kama mgonjwa.

"Sikiliza," Msasa akaendelea. "Kuitwa wa kazi za ndani si tusi. Mama ameingia nyumba za watu kuwashonea miaka thelathini. Lakini ulicheka."

"Msasa..."

"Hii mikono ndiyo ilitoa doa kwenye gauni la jirani yako. Ukaicheka." Simu ikakatika.

Alikwenda dukani mchana, amejifunga mtandio mpaka machoni. Dada wa kaunta alimwambia Msasa yuko karakana na hataki kuitwa.

"Afadhali," dada wa kaunta akaongeza, akipanga risiti zake. "Sasa Jumapili atapumzika kama binadamu."

"Jumapili kwani huwa anafanya nini?"

"Mwenzangu, hukujua? Ndiyo yalikuwa makubaliano na tajiri. Wewe upewe asubuhi zako, yeye aje Jumapili kupiga polishi bure. Miezi sita."

Malkia alikumbuka Jumapili zote alizonuna kwa sababu hampeleki matembezi. Alikumbuka alivyomwambia, "Wewe hunipendi, unapenda makabati." Msasa alijibu tu kwamba makabati hayanuni. Malkia alitoka pale uso unawaka hivi kwamba mtandio wenyewe ulikuwa joto la bure.

Jumapili ndiyo siku iliyokuwa imepangwa zamani aende kumwona mama yake Msasa. Alikwenda peke yake, gauni la kawaida la bluu, bila rangi mdomoni, simu ameizima ndani ya mkoba. Mama alikuwa mwembamba, miwani imefungwa uzi, amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kijana wa kazi hayupo, ametoka."

Ingekuwa afadhali apigwe kibao. Alibaki mlangoni, viatu mkononi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa. Ukisimama hivyo unaniumiza shingo." Mama alingoja akae. "Ngoja nikuambie jambo ambalo mwanangu halijui. Siku ile majirani waliniuliza, 'Huyo mwenye trei si mwanao?' Unajua niliwajibu nini?"

Malkia akatikisa kichwa.

"Niliwaambia hapana, wanafanana tu."

Mama alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi niliyemzaa. Nimemkana ili nisiaibike mbele ya watu wawili. Wewe ulikuwa nao elfu tatu, kwa hiyo sina mdomo wa kukusema. Mimi wangu nitawaambia leo jioni, wanakuja kunywa chai. Wewe wako utawaambia lini?"

Kesho yake saa moja asubuhi, simu ilisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Malkia aliinama, akakivuta kigoda kutoka chini ya kitanda. Kilikuwa na vumbi, na kona ya sanduku la nguo ilikuwa imekichora mguuni. Akakipangusa kwa kanga, akakikalia. Nyuma yake ukuta wa rangi mbili na kamba ya nguo. Akabonyeza laivu.

"Habari za asubuhi. Hapa ndipo kwangu."

*Uko safari?* mmoja akauliza. *Umehama?*

"Sijahama. Nimekaa hapa miaka minne. Ile sebule ni ya duka. Bei zilikuwa zimegeuzwa ukutani. Aliyekuwa anazigeuza ni yule kaka wa chai. Si kijana wa kazi. Ni fundi wa polishi, ni mpenzi wangu, na chai ile ananiletea kila siku kwa kupenda kwake. Mkaicheka mikono yake, na mimi nikacheka zaidi yenu."

Sauti ilimtoka nyembamba. Namba ya watazamaji ilianza kushuka huku anaiona: elfu nne, elfu tatu na mia moja, elfu mbili. *Tapeli wewe. Rudisha muda wetu. Mimi nimenunua pazia kwa ajili yako.* Mwingine akaandika, *Ndoo zimepangwa vizuri lakini*. Alitaka kulia, alitaka kuzima, mabega yakaanza kuinama yenyewe.

Ndipo maoni mengine yakatokea, yameandikwa kwa kidole kimoja na mtu asiyeona vizuri: *kaa wima mwanangu. wangu nimeshawaambia*

Akanyoosha mgongo.

Mlango ukagongwa, na kabla hajajibu Msasa akaingia, ovaroli, pumzi juu.

"Mama amenitoa nje kama kuku. Amesema nije upesi." Hakuwa amemtazama bado. Alikuwa anatazama chini. "Hicho kigoda umekifanyia nini?"

"Kilikuwa chini ya kitanda," Malkia akasema. Nalo hilo alilisema mbele ya watu wote. "Nilikionea aibu."

Msasa akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja mguuni mwa kigoda mpaka akafika palipochorwa. "Hapa pana mkwaruzo."

"Nimeuona."

"Unasugulika. Utachukua muda."

Kwenye kioo wale elfu moja na kidogo waliobaki walikuwa wanauliza lile lile swali. *Huyo nani? Huyo ndiye?*

"Wanauliza wewe ni nani wangu," Malkia akasema. Alikuwa amekishika kile kiganja cha kahawia kwa mikono yake miwili, mbele kabisa ya simu, na uso wake ulikuwa bado unawaka. "Nimewaambia mpenzi. Sijui kama bado ni kweli. Bado unanitaka?"

"Zima simu kwanza."

Akazima. Elfu moja na kidogo wakabaki wanatazama kioo cheusi.

Hata dakika mbili hazijaisha, simu ikalia. Malkia alipoipokea, sauti ya mama ilijaa chumba kizima, na nyuma yake sauti za majirani wawili zikigombania kusikia.

"Nyie, mbona mmezima? Kajibu nini?"

Malkia alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga. Msasa akaichukua simu.

"Mama," akasema, "ukija huku njoo na futi yako ya kupimia. Kuna gauni la harusi la kushona, na safari hii si la jirani."