Anayelima Gizani

Ko!

Jembe liligonga jiwe mara moja, nyuma ya nyumba, kwenye shamba la maharage.

Annonciata akainua kichwa. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Nani analima saa hizi?

Alikuwa mwanafunzi wa ukunga kutoka Bujumbura. Likizo ile ya mwaka 1968 alivuka mpaka kwa hiari yake, bila mshahara, kusaidia kwenye zahanati ya Kalembe. Mchana huo alitumwa kazi ndogo tu: apande mlimani, ampime mjamzito aitwaye Sidonie, arudi. Alimkuta mkekani, uchungu umeshashika, na mkunga wa kijiji, Mama Nyiransabimana, akimkanda mgongo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Annonciata alipotoa kadi, akauliza jina la baba wa mtoto.

"Léonard," mume alijibu haraka kutoka mlangoni.

Annonciata akaandika. Akasoma kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni: "Mtoto wa Sidonie na Léonard."

Hapo ndipo jembe lilipogonga jiwe.

Na hapo ndipo uchungu ulipokatika.

"Mamuzeli," mkunga akamnong'oneza Annonciata, "umefanya nini?"

"Nimeandika baba tu, Mama."

"Baba ya ule mutoto alishakufa. Huyu ni mudogo wake."

Akamweleza, mdomo karibu na sikio. Ndugu wawili walikwenda Walikale kuuza maharage, miaka mitatu nyuma. Akarudi mmoja. Léonard alisema mto umemchukua kaka yake, maiti haikuonekana. Akamrithi mjane, ndiyo desturi. Lakini desturi ina sehemu ya pili: mtoto wa kwanza ni wa marehemu. Kabla hajazaliwa, mdogo husimama mlangoni, akamwita kaka yake kwa jina, akampa mtoto wake.

"Léonard hataki. Toka arudi, ile jina anaikataza humu ndani. Hata bibi yake, huyu Sidonie, haisemi."

Ko... Ko... Ko...

"Na huko nje ni nani?"

Mkunga akasikiliza, kichwa upande.

"Analima shimo. Shimo fupi... ya mutoto."

"Ni nguruwe ya pori!" Léonard akafoka.

"Nguruwe iko na jembe, Papa?"

Chini ya mlango ikaingia harufu: tope la mtoni, majani yaliyooza, kitu kilichokaa majini siku nyingi.

Annonciata akaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga polepole mno. Tu... Kimya. Tu... Zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu, na njia ni matope matupu. Aliyasikia maneno yakitoka kinywani mwake, yeye msomi wa vitabu vya Wazungu:

"Papa Léonard, sema jina. Mtoto anakufa."

Jasho lilimtiririka Léonard. Akachukua panga ukutani.

"Nikimuita, atakuja," alisema kwa sauti ndogo. "Na akikuja... atawaambia."

"Atatuambia nini?" Sidonie akauliza.

Léonard akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake, komeo likaingia lenyewe.

Jembe likanyamaza.

Wanawake watatu wakatega masikio. Hakuna ukelele. Hakuna panga. Kisha wakasikia udongo ukirudishwa shimoni, taratibu, kwa subira ya mkulima asiye na haraka. Fuu... Fuu... Ulichukua muda mrefu. Mrefu kupita wa kufukia shimo la mtoto.

Halafu nyayo. Nyayo zilizolowa, zikija mlangoni.

"Fungula," ikasema sauti ya Léonard. "Njo mie. Ni mie, Léonard."

Mkunga akapiga ishara ya msalaba. Katikati ya maneno yale maji yalikuwa yakigugumia, kama mtu asemaye akiwa amezama.

Sidonie akaushika mkono wa Annonciata hata mifupa ikauma. Aliutazama mlango. Akalitazama tumbo lake.

"Moyo ungali?" akanong'ona.

"Unakwisha, dada."

Sidonie akajiinua juu ya kiwiko.

"Mutoto iko wako," akauambia mlango.

Chini ya pembe moyo ukaruka. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu! Uchungu ukarudi kwa nguvu, na komeo, bila mkono wa mtu, likaanza kusogea.

"Miaka tatu nilikungojea," alisema Sidonie, machozi yakimshuka. "Ingia, mume wangu. Ingia... Séraphin."