Hasira ya Merina Dunguni

Kila siku alipomaliza kuosha vyombo vya mchana, Merina aliketi barazani kwao, jirani na soko la Ifakara, akamsubiri Osward afungue kitabu. Osward alikuwa mtoto wa shangazi yake. Waliishi nyumba moja, wakasoma darasa la sita, dawati moja. Macho ya Merina yalikuwa yamefifia kidogo kidogo tangu darasa la nne, mpaka sasa aliona mwanga na vivuli vya watu tu. Daktari aliwaambia wazazi wazi kwamba miwani haitasaidia na macho hayo hayatarudi.

Kwa hiyo Osward alisoma, Merina akasikiliza. Tatizo ni kwamba Osward alisoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

"Umeruka mstari," Merina alimkatiza.

"Sijaruka."

"Umeruka. Huyo mzee alikuwa amesimama mlangoni. Ameketi saa ngapi?"

Osward alirudi nyuma akinung'unika, na kweli mstari ulikuwepo.

Kila Jumamosi jioni walikwenda dukani kwa Mama Kandida, aliyekuwa na dishi na televisheni, kutazama mchezo wa kuigiza. Mwanzoni Osward alikuwa msimuliaji wa hovyo kabisa. "Wanatazamana," alisema. Merina alimfinya. "Wanatazamana vipi? Kwa chuki, au wanataka kucheka?" Baada ya kufinywa mara nyingi, Osward alijifunza. Alinong'ona, "Mwanamke amegeuza uso. Ameshika mlango, lakini hatoki." Basi Merina akaweza kucheka pale pale watu wote walipocheka, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama hicho.

Mpunga ulipoanza kukomaa, familia nyingi zilihamia mashambani kulinda mazao. Miaka yote watoto wa shule waliachwa mjini na ndugu. Mwaka huo baba yake Merina, Mzee Evod, aliamua vingine.

"Merina atakwenda nasi shambani Idete kuamia ndege wasile mpunga," alisema. "Vitabu na televisheni ndivyo vilivyommaliza macho. Hicho kidogo kilichobaki nitakilinda mimi. Shule basi."

"Daktari hakusema hivyo," mama alijibu.

"Daktari ana watoto wake."

Majirani nao wakaitikia kwamba ni kweli, mtoto wa watu apumzike. Walizungumza juu ya kichwa chake utadhani na masikio yalikuwa yamekufa. Merina aliomba, akalia, akasusa ugali. Haikusaidia. Alipanda baiskeli ya baba akiwa amenuna.

Shambani alipandishwa kwenye dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Kamba zilizofungwa makopo zilitoka hapo hadi pembe zote za shamba. Ukivuta, makopo hugongana na ndege huruka. Baba alimkabidhi kamba, akaenda kukata miti ng'ambo ya mfereji.

Jua lilipopanda kidogo, kwelea walikuja. Merina aliwasikia tangu mbali, mbawa zao zikivuma kama mvua inayokaribia juu ya bati. Kamba ilikuwa mkononi. Alifikiria darasa lake, akafikiria Osward anayeendelea na hadithi peke yake, na hasira ikampanda.

"Kuleni," alisema. Hakuivuta kamba.

Baba aliporudi alikuta upande mzima wa shamba masuke yamebaki makapi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Ulikuwa umelala?"

"Sikuwaona, baba."

Angemlaumuje mtoto asiyeona? Mzee Evod alikaa chini kwenye tuta, akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa ni lake. Merina alitarajia kufurahi. Badala yake alijisikia vibaya, na hilo nalo likamzidishia hasira.

Mama yake, Natalia, hakudanganyika. Alipanda dungu na kuketi mbele yake. "Mimi nilikuwa mtoni nafua, na niliwasikia. Wewe uliwasikia?"

Merina aliinamisha kichwa. "Niliwasikia."

"Kamba?"

"Ilikuwa mkononi." Kisha yote yakamtoka kwa pamoja. "Mmenitoa shule bila kuniuliza! Macho yameisha, mama, hata nikilala mwaka mzima. Nilikuwa bado nasoma kwa masikio, natazama televisheni kwa mdomo wa Osward. Ni hivyo tu vilivyobaki, na baba amevichukua."

Baba alikuwa chini ya dungu, akasikia kila neno. Alipanda, naye amekasirika. "Mpunga ule ndio chakula chenu. Mimi nimejilaumu pale chini, kumbe umenidanganya?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Na wewe, baba Merina," mama alisema, "daktari alikueleza mara mbili. Ulikataa kwa sababu ulihitaji kitu cha kulaumu. Ukavilaumu vitabu."

Mzee Evod aligeuka akatazama upande wa shamba ulioliwa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa bado kali.

"Jumatatu utarudi shuleni, na nitazungumza na mwalimu mimi mwenyewe akupe maswali kwa mdomo. Vitabu utasomewa, na dukani kwa Mama Kandida utakwenda. Lakini kila Ijumaa jioni nitakufuata kwa baiskeli uje hapa kuamia ndege hadi Jumamosi mchana, mpaka tumalize kuvuna. Hasa kwa sababu unasikia vizuri."

"Sawa, baba."

"Sikiliza, mwanangu. Hasira yako ilikuwa ya haki, na ungeniambia usoni, hata kwa ukali, ningelazimika kuisikia. Kutoona si aibu. Aibu ni kuyafanya macho yako kisingizio. Ukishasema uongo huo mara moja, siku ambayo kweli hukuona, nani atakuamini?"

Upande wa mtoni mbawa zilianza kuvuma tena. Merina alisimama, akakamata kamba kwa mikono miwili, akavuta mpaka shamba zima likajaa kelele za makopo.