Kisigino cha Kabibi

Soko la Malindi lilikuwa limefurika siku hiyo, na Gharib yuko buchani akichagua ngozi kavu ya mbuzi ya kuwambia ngoma. Aliipiga kwa vidole, tu, tu-tu, tu, sikio kalitega. Mara akasikia mlio mwingine nyuma yake unajibu. Kugeuka, msichana amesimama na kikapu cha nyanya, leso ya manjano kiunoni, kisigino kinagonga sakafu.

"We mwanamke, hapa ni buchani, si harusini!" Seif mwenye nyama akafoka.

"Mwambie mwenzio aache kupiga, na mimi nitaacha kucheza."

Gharib alicheka mpaka ngozi ikamponyoka. "Waitwa nani, bibie?"

"Kabibi, wa Vitengeni. Na ngozi hiyo ina tundu, ndugu yangu. Waibiwa na huku wacheka."

Kweli ilikuwa na tundu.

Gharib alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha Menza, na haukupita mwezi Kabibi naye akajiunga. Menza hakuchezesha ngoma za mababu wala za kizungu. Alizichukua kazi za watu, kutwanga, kuteka maji, kubeba mtoto mgongoni, akazigeuza mchezo mpya. Wakazunguka nao vijijini, wakiwafundisha kina mama kuchanganya maji, sukari na chumvi kumpa mtoto anayeharisha. Serikali ilikuwa na magari na mabango. Vitengeni mabango hayakufika. Miguu ya Kabibi ilifika.

Kikundi kilikuwa na sharti moja. Mchezaji akichoka hasemi. Hupita karibu na ngoma akaigusa kwa kisigino, na mpigaji hupunguza mwendo bila kuuliza. Kabibi akalifanya mzaha.

"Umechoka saa hii, na ndiyo kwanza tumeanza?"

"Nimechoka kutotazamwa, laazizi."

Kisha maneno yakaingia. Mwanasiti, dada yake Gharib, akamwambia kwamba kila Alhamisi alasiri gari la hoteli moja ya Watamu humpitia Kabibi. Gharib hakuuliza. Akanuna. Wiki mbili alipiga ngoma uso ukutani, na kisigino kikigusa, hapunguzi.

Simu ikalia dukani kwa Abdulghani, jirani yake. "Gharib! Kuna sauti ya mwanamke huku, na ina hasira!"

"Haloo?"

"Haloo ya nini? Nimekukosea nini wewe?"

"Muulize mwenye gari."

Kisha Kabibi akacheka, kicheko chenye machozi ndani. "Njoo Alhamisi, mwanamume. Pita mlango wa nyuma. Wa mbele sisi hatufunguliwi."

Alikwenda na kanzu yake ya Idi, kama anayekwenda barazani kuamuliwa. Nyuma ya hoteli, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, Kabibi yuko peku, blauzi ya samawati imemganda kwa jasho, madobi wa kike wamemzunguka wakicheza.

"Chumvi ya vidole vitatu, Shekha! Si konzi nzima, utamuua mtoto wa watu!"

Lile gari lilikuwa la kubebea nguo chafu.

Gharib akapindua karai, akaketi chini, akapiga. Kabibi akapita, akaligusa kwa kisigino. Akapunguza.

"Nikakupose kwa nani?"

"Kwa baba, Vitengeni. Na uje na kanzu hiyo hiyo, yakupendeza ukiwa na aibu."

Wakaoana mwaka wa themanini na nne. Mwaka wa themanini na sita Kabibi alikuwa na mimba ya miezi sita, na Menza alishampumzisha. Ndipo likaja agizo la serikali: mgeni mkubwa anakuja, kikundi kizima kiwe uwanjani saa mbili asubuhi, akikosekana mmoja kibali cha kikundi kitachanwa. Menza akaenda kuwasihi wakubwa. Akajibiwa kwamba mimba si ugonjwa.

Wakubwa waliketi chini ya turubai, soda baridi mbele yao. Mgeni hakuonekana saa mbili, wala saa nne, wala saa sita. Kila vumbi likitimka, ofisa mmoja mwenye kifimbo alipiga kelele: "Chezeni! Anakuja!" Na siye.

Saa saba, kisigino kikagusa ngoma. Gharib akamtazama mkewe usoni; hapakuwa na mzaha. Akapunguza.

"We mpiga ngoma! Nani kakwambia upunguze?"

"Bwana mkubwa, mke wangu..."

"Kaza!"

Akakaza. Kisigino kikagusa tena, taratibu. Mzunguko wa tatu Kabibi hakufika penye ngoma.

Magari manane yalikuwa kivulini. Yote ya msafara, wakasema, hakuna la kutoka. Alipelekwa hospitali kwa mkokoteni.

"Mtoto?" aliuliza alasiri.

Gharib akatikisa kichwa.

"Nilikugusa."

"Nilisikia, roho yangu."

"Mara mbili."

"Nilisikia."

Kabibi akamtafuta mkono juu ya shuka. "Nilidhani umeninunia tena."

Magharibi haikumkuta hai. Na yule mgeni hakuja kabisa.

Kikundi kiliposhindwa kufika uwanjani mara iliyofuata, kibali kikachanwa kweli. Sasa wanacheza bila kibali, uani kwa watu na nyuma ya mashuka ya Watamu, na Gharib angali mpigaji wao. Ila mchezaji yeyote akiikaribia ngoma, awe kachoka asiwe, mikono ya Gharib hupunguza yenyewe, na mchezo wote ukaharibika.

Menza hamkemei. Wanasubiri, kisha wanaanza tena.